Kiatu Kilichotuletea Ushuru

Kama gazeti la wiki jana lilitumika kufungia misumari kabla hujalisoma, sikulaumu. Mimi mwenyewe nimeshafungia viatu kwa hadithi za watu wengine. Acha nikushike mkono mpaka tulipofikia, halafu tuendelee pamoja.

Mimi ni fundi viatu. Uchochoro wetu una karakana ishirini na mbili, zote za viatu vya shule, na wenzangu wananiita Redio kwa sababu, eti, nikishawashwa sizimiki. Mwaka jana viatu kutoka nje vilijaa madukani kwa bei ya kutupa. Tukawa tunashinda tumekaa, kazi yetu kutazama wapita njia. Kamati ya ushuru ilipoita wafanyabiashara isikie vilio vyao, uchochoro ukanituma mimi.

Nilikwenda peke yangu. Nilisema vizuri. Nilisema vizuri mno, na hapo ndipo nilipojichongea.

Niliinua kiatu kimoja cha mguu wa kulia, nikawaambia, "Waheshimiwa, hiki kimetengenezwa uchochoroni kwetu, kuanzia kamba mpaka soli!" Kamba, sawa. Ngozi, sawa. Soli ilitoka kiwanda cha nchi jirani, kama soli zetu zote, na jana yake nilikuwa nimeisugua nembo kwa msasa mpaka ikapotea.

Kamati ilifurahi kupita nilivyotaka. Wakasema, kumbe hata soli wanatengeneza! Basi wakaweka ushuru wa asilimia thelathini na tano kwa viatu vya nje, na kwa soli za nje pia, ili kutulinda.

Mafundi walipoona bei ya soli imeruka, walinizunguka. Nikawaambia ni kosa la mtaalamu mmoja aliyevaa miwani, alikuwa pale kwenye kamati, ndiye aliyedanganya kwamba tunatengeneza soli. Hakukuwa na mtaalamu. Wala miwani. Wakamchukia mtu huyo kwa moyo wao wote, na wiki jana niliishia pale waliponichagua mimi, mimi mwenyewe, niende kwenye mazungumzo ya nchi mbili nikaombe ushuru wa soli uondolewe.

Sasa kaa vizuri.

Asubuhi ya mazungumzo nilimkuta dada yangu kwenye cherehani. Karakana ni yetu sote wawili, tuliachiwa na baba. Dada anakata ngozi na kushona sehemu ya juu, mimi nabandika soli na kuongea na wateja. Akimaliza kiatu hutoboa vitundu vitatu vidogo kwa ndani, mahali pasipoonekana, ili kikirudi kutengenezwa ajue ni kazi ya mkono wake. Mafundi wote wanaijua alama hiyo, na wengine wanaionea wivu.

"Redio," aliniambia bila kuinua macho, "kuna kitu unataka kuniambia kabla hatujaondoka?"

"Mimi? Hakuna."

"Una hakika?"

"Dada, nina hotuba kichwani, usiitikise itamwagika."

"Basi mimi ninacho cha kukuambia."

"Utaniambia tukirudi," nilisema, nikaanza kutafuta shati langu la heshima.

Aligeukia cherehani yake. Dada akiacha kubisha huwa namshukuru Mungu, nadhani nimeshinda.

Kabla sijafunga vifungo akaingia Gundi. Gundi ni fundi wa karakana ya pili kutoka kwetu, mtu mwema, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuwa na vidole vinne vilivyoachana. Alibeba sanduku la soli, akaliweka chini kama mtu anayeshusha jeneza.

"Zimepanda tena," alisema. "Nimemuuliza mwenye duka, kwani soli zimeanza kutembea zenyewe mpaka zidai nauli? Kaniambia yeye analipa ushuru forodhani kabla mzigo haujatoka, kwa hiyo anautia juu ya bei. Mimi nami niutie juu ya bei. Halafu mama wa mwanafunzi aje, asikie bei yangu, arudi nyumbani akampe mtoto viatu vya kaka yake na matambara ya kujazia kwenye vidole."

"Na wateja wa ng'ambo ya mpaka?" Dada aliuliza.

"Hao ndio usiseme. Serikali yao imekasirika kwa sababu ya soli zao, ikaweka ushuru kwenye viatu vyetu. Mteja wangu wa kule ameniandikia kwamba hachukui hata jozi moja. Nusu ya viatu vyangu huwa vinakwenda kule! Shule zinafunguliwa baada ya wiki tano. Zikifunguliwa hali ikiwa hivi, mimi nafunga."

Hakutania. Gundi ana watoto wanne, na karakana ndiyo inayowalisha. Na hakuwa peke yake. Mafundi ishirini na wawili, kila mmoja alikuwa na wiki tano.

"Lakini nikwambie," akaendelea, uso ukimchangamka tena, "nikimpata yule mtaalamu wa miwani, nitambandika ukutani. Nitampaka gundi mgongo mzima, nimshikilie mpaka ikauke."

"Gundi yako inachukua muda gani kukauka?" niliuliza.

"Dakika ishirini. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Dada alikata uzi kwa meno akanitazama. Sikuupenda mtazamo ule.

Mazungumzo yalikuwa kwenye ukumbi wa ofisi kubwa, ghorofa ya tatu, wenye meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na maji ya chupa ambayo kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kuyafungua. Upande mmoja tulikaa sisi, mimi, Dada, Gundi na wenzetu wa uchochoroni, pamoja na mama aliyeongoza ujumbe wetu. Mama yule ana sauti ya upole na kalamu kali. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati siku ile nilipoinua kiatu, na nilipoingia alinitikisia kichwa kama watu tunaofahamiana. Nilijibanza kando ya Gundi, nikajikinga kwa bega lake pana.

Upande wa pili walikaa maafisa wao, na katikati yao mwenye kile kiwanda cha soli. Wote walimwita Mzee Soli. Nilitegemea mtu wa kutisha. Alikuwa mzee mfupi mchangamfu, amevaa viatu vya shule vya ukubwa wake, vyeusi, vya kamba.

"Hivi nimenunua kwenu," alisema, akaviinua juu tuvione, "kabla hamjavifanya viwe ghali. Wajukuu zangu wote wanavaa vyenu. Mimi natengeneza soli, ninyi mnatengeneza viatu, viatu vinarudi kwetu vikiwa na soli zangu. Soli inasafiri kwenda kuolewa, inarudi na mume! Sasa ninyi mmemtoza bibi harusi mlangoni, na serikali yangu imemtoza bwana harusi. Nani atafanya sherehe?"

Watu wakacheka. Nilimpenda palepale, na hilo liliniumiza zaidi.

"Neno letu ni fupi," alisema mmoja wa maafisa wao. "Ondoeni ushuru kwenye soli leo, nasi tunaondoa kwenye viatu leo. Barua iko tayari, imebaki kutiwa saini."

Gundi alinibana goti. Mimi nikambana lake. Tulikuwa watu wazima wawili tumeshikana magoti chini ya meza ya serikali.

Mama wetu aliweka kalamu chini taratibu.

"Mimi sina ugomvi na pendekezo hilo," alisema. "Lakini nina utaratibu wa kufuata. Kitu kikiwa kwenye orodha ya vinavyolindwa, siwezi kukiondoa kama yupo mtu hapa nchini anayekitengeneza kwa kuuza. Nikikiondoa nitakuwa nimemuua mtu huyo. Kama hayupo, napiga mstari sasa hivi, mbele yenu, na kila mtu anakwenda nyumbani."

"Na yupo?" aliuliza Mzee Soli. "Miaka thelathini nauza huku, sijamsikia."

"Ushahidi tunao," alisema Mama.

Akainama, akatoa sanduku la karatasi. Akalifungua. Akatoa kiatu kimoja cha mguu wa kulia, kina kikaratasi kimefungwa kwenye kamba.

Nikafungua maji ya chupa. Nilikuwa wa kwanza.

"Redio," Gundi alininong'oneza, "mbona kile kiatu kama cha kwenu?"

"Viatu vinafanana."

"Ule mshono ni wa Dada. Naujua hata nikiwa nimefumba macho."

"Basi fumba."

"Na bahati nzuri," Mama alisema, akageuka kutafuta kwa macho, "aliyekileta yuko nasi. Bwana Redio, hebu acha kujificha. Waeleze wageni wetu kiwanda chenu cha soli kiko wapi."

Nikasimama.

"Mheshimiwa... kiwanda kiko njiani."

"Njiani kinakwenda wapi?"

"Kinakuja."

Mzee Soli alicheka mpaka akajipiga paja. Mama hakucheka. Alitazama saa yake, akasema tunywe chai robo saa, na kwamba tukirudi anataka jibu lenye anwani.

Kwenye korido nilisimama dirishani na kikombe changu. Chini barabarani watu walikuwa wanavuka, na mimi, kwa mazoea ya kazi, nilikuwa natazama miguu yao. Msichana mmoja wa shule alipita anaburuta kisigino, soli imeachia kwa mbele, inafunguka na kufunga kila akipiga hatua.

Nilipiga hesabu yangu, na haikuwa ngumu. Nikidanganya tena, nitasema kiwanda kipo mahali fulani, ushuru utabaki, na uchochoro utakufa kabla ya muhula kwisha. Nikisema kweli, soli zitashuka, viatu vitavuka, wote wataokoka isipokuwa mimi. Nitakuwa fundi aliyewauza wenzake, kisha akamsingizia mtu asiyekuwepo. Gundi hatanisalimia tena. Na Dada, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, atajua mdogo wake ni mwongo.

Niliona aibu. Niseme tu hivyo, niliona aibu mpaka masikio yalipata moto.

Dada alikuja akasimama karibu yangu.

"Bado huna la kuniambia?"

"Ninalo," nilisema. "Lakini nitalisema kule ndani, mbele ya wote."

Uso wake ulilainika. Nilikuwa sijauona ukilainika hivyo muda mrefu.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana, mdogo wangu. Ila kabla hujalisema, nisikilize. Kile kiatu..."

"Dada, usinizuie! Nikipoa sitathubutu."

"Sikuzuii, nataka tu ujue kwamba..."

"Baadaye!" nikamwekea kikombe changu mkononi, nikaingia ukumbini karibu nikikimbia.

Watu walikuwa bado wanakaa nilipoanza kusema. Sikusubiri kupewa nafasi.

"Waheshimiwa, wageni, na wenzangu wa uchochoroni. Yule mtaalamu wa miwani ni mimi."

Halafu Gundi, kwa mshangao wa kweli kabisa, akasema kwa sauti, "Lakini wewe huna miwani!"

"Hakukuwa na miwani, Gundi! Hakukuwa na mtaalamu! Mimi ndiye niliyeiambia kamati tunatengeneza soli. Nilitaka viatu vya nje vitozwe, nikatia chumvi. Niliona kiatu kitapendeza zaidi kikiwa chetu chote. Ile soli ni ya mzee huyu hapa. Nembo niliisugua kwa msasa, mikono hii. Kamati haikukosea. Mimi ndiye niliyewadanganya, na mimi ndiye niliyeleta ushuru wa soli."

Nilikaa. Kisha nikasimama tena, maana niliona si adabu kukaa.

Gundi aliinuka, akanikaribia. Nilijiandaa kwa kofi, hata nikageuza shavu lililo bora.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane namtafuta mtu yule kwenye kila ofisi niingiayo. Nimemnunia karani wa benki, Redio! Nimemnunia daktari wa mwanangu, kisa miwani!"

Akaanza kucheka. Alicheka akitaka kulia, akanipiga ngumi ya bega, ya kuuma kweli, kisha akauacha mkono pale begani. Hakuusahau, ulikuwa umenata.

"Nimekusamehe nusu," alisema. "Nusu nyingine tutaongea nyumbani."

Hata maafisa wa ng'ambo walikuwa wanafuta macho. Mama wetu peke yake ndiye aliyebaki mkavu.

"Bwana Redio, kudanganya kamati ni kosa, na tutarudi kwako," alisema. "Lakini kwanza jambo lililotuleta. Unathibitisha kwamba hapa nchini hakuna mtu anayetengeneza soli?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Hata mmoja?"

"Hata wa dawa. Naapa."

Nyuma yangu nilisikia Dada akikohoa. Nilidhani ni chai.

Mama akavuta orodha yake. Akachukua kalamu. Afisa wa upande wa pili naye akatoa barua yake, akaivua kofia kalamu yake ya wino. Wiki tano zilikuwa zinarudi. Niliwaza hata namna nitakavyosimuliwa uchochoroni: mwongo, ndiyo, lakini mwongo aliyejirekebisha. Si sifa mbaya sana.

"Kwa ajili ya kumbukumbu tu," Mama alisema, kalamu ikiwa juu ya karatasi, "Mzee, thibitisha kwamba soli hii ni yako."

"Kwa furaha," alisema Mzee Soli.

Akapokea kiatu. Akakigeuza, akakipiga mezani, ko, ko. Akakikunja. Soli ikajikunja ikarudi. Akakikunja tena. Akakinusa.

Tabasamu lilimpotea polepole, jino baada ya jino.

"Hii si yangu," alisema.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

"Mzee, ni yako," nilimwambia. "Nimeisugua mwenyewe."

"Mwanangu, wewe unaweza usimjue mtoto wako, mimi wangu nawajua. Mistari ni ya kwangu, ndiyo, mtu amefuata mistari ya kwangu mmoja mmoja. Lakini mpira huu si wangu. Nembo ya nje mafundi wote mnaisugua, mnadhani sijui? Ndiyo maana kila soli yangu ina namba kwa ndani, chini ya ngozi ya kukanyagia. Nani ana kisu?"

Umati wa mafundi viatu, na mtu anauliza nani ana kisu. Vilitoka vitatu.

Mzee Soli akaibandua ile ngozi laini ya ndani, taratibu, kama anayefungua barua ya mtu mwingine. Tukainuka sote. Hakukuwa na namba. Mpira ulikuwa safi, mweusi, na karibu na kisigino palikuwa na vitundu vitatu vidogo.

"Na niseme kweli ingawa inaniuma," alisema yule mzee. "Hii ni nzuri kuliko yangu."

Sikusikia tena yaliyosemwa kwa muda. Nilikuwa nimerudi karakana yetu, mwaka jana.

Nyuma ya karakana, karibu na dirisha, Dada alikuwa na kona yake. Aliweka pale kalibu ya chuma aliyoichongesha kwa fundi wa vyuma, akiwa amempelekea soli ya kutoka ng'ambo aifuate umbo. Alinunua mpira wa vipande kwa kilo. Akaupasha moto, akautia kwenye kalibu, akaukandamiza kwa jeki ya gari, zile za kubadilishia tairi. Soli ya kwanza ilipotoka alinionyesha, mikono myeusi, macho yanang'aa.

Na mimi nikasema, "Dada, hii ni soli au kifuniko cha sufuria?"

Uchochoro ulicheka wiki nzima. Mimi ndiye niliyewasimulia. Dada akaifunika kalibu kwa gunia, hakuizungumzia tena, nami nikadhani ameacha.

Sasa nilikumbuka jambo jingine. Siku ile niliyoisugua nembo, nilikiacha kiatu mezani gundi ikauke, nikatoka kwenda kujisomea hotuba uwanjani. Niliporudi kiatu kilikuwa kimeshafungwa kwenye kitambaa. Dada alikuwa ananawa mikono, na maji kwenye beseni yalikuwa meusi.

"Nimekipiga rangi," aliniambia.

Sikukifungua kitambaa mpaka nilipokuwa mbele ya kamati, na nilipokifungua nilikuwa naitazama kamati, si kiatu.

Kumbe aliniona nikisugua. Kumbe alinitolea uongo wangu chini ya kiatu, akaweka ukweli wake, asiniaibishe. Nilisimama mbele ya serikali nikasema kweli tupu bila kujua. Na leo nimekuja kukiri dhambi ambayo dada yangu alishaifuta, na nimeapa, mbele ya nchi mbili, kwamba mtu kama yeye hayupo.

"Alama hii ni ya nani?" Mama alikuwa anauliza.

Mafundi wote wa uchochoro wetu ghafla walipenda sana kutazama dari.

"Ni matundu ya Dada hayo!" alisema Gundi, kwa fahari, kisha akajiziba mdomo kwa mkono. Mkono ukanata.

Dada akasimama. Alikuwa bado ameshika vikombe viwili, chake na changu. Akaviweka mezani, akajifuta viganja kwenye gauni.

"Soli hii umeitengeneza wewe?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na kwa nini muda wote huu hukusema?"

"Leo tu nimejaribu mara mbili. Lakini redio, Mheshimiwa, inajua kusema tu. Haisikilizi."

Ukumbi ukalipuka. Mimi nilikubali kila kicheko, nilikuwa nimekilipia.

Kicheko kilipotulia nilimwona Gundi amekunja uso, ameanza kuelewa. Mzee Soli naye alikuwa ameelewa, maana alikirudisha kiatu mezani kwa adabu, kama mtu anayemwachia mwenzake kiti. Yule afisa wa ng'ambo alirudisha kofia kwenye kalamu yake.

Maana kama Dada anaweza kutengeneza soli za kuuza, basi yupo mtu wa kulindwa. Ushuru unabaki, ile barua haitiwi saini, na mafundi ishirini na mmoja wanasubiri soli kutoka kona moja yenye jeki moja, huku wiki tano zinakwisha. Kama hawezi, ushuru unaondoka, uchochoro unapumua, na soli nzuri kuliko ya Mzee Soli inarudi chini ya gunia. Na niliyeitupia gunia la kwanza ni mimi.

Nilitaka kusimama nimjibie. Nilikuwa na maneno, huwa sikosi maneno. Dada alinyoosha kidole bila hata kunitazama.

"Kaa, mdogo wangu."

Nikakaa.

Mama alisogeza orodha mbele yake. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko wakati wote.

"Nitakuuliza swali moja tu, mama, na nitaandika utakachosema. Kwa siku unaweza kutengeneza soli ngapi?"

Dada alifikiri. Aliwatazama mafundi, mmoja mmoja, mpaka Gundi. Akakitazama kiatu.

"Kwa siku ya kawaida," alisema, "au kwa siku ambayo mdogo wangu hanicheki?"

Watu walicheka tena, isipokuwa wawili. Mimi sikucheka. Na Mama hakucheka, alishika kalamu juu ya karatasi, akasema, "Nipe jibu la zote mbili."

Dada akageuka, akanitazama mimi kwanza, kama anayengoja kuona nitamcheka tena au nitamsikiliza.